MREJESHO: Nyanya mkunga wa Frere Town

Habari zenu wakuu. Niliuliza nifuatilieje maisha ya nyanya yake babu, mkunga, miongoni mwa watumwa walioachwa huru waliopewa makao Frere Town, Mombasa, makao yalipoanzishwa miaka ya 1870.

Ushauri wa kuanza na wazee umezaa matunda. Shangazi wa Kisauni amenisimulia jinsi nyanya huyo alivyokuwa akimkanda mzazi kwa maji ya moto na mafuta ya nazi, akimpikia uji wa pilipili manga mpaka arobaini itimie.

Daftari la ubatizo limenipa jina lake. Mwaka hausomeki, wino umefifia. Barua za wamisionari wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana lililoanzisha makao hayo) zilizohifadhiwa Birmingham nilizotumiwa hazimtaji kabisa. Imeniuma.

Anayetafuta kama mimi aanze na wazee, kisha daftari la kanisa. Asanteni sana, hasa mlionielekeza kanisani.