Kujijazia risasi za .308 kwa rand 3,000: nianzie wapi?

Mutoto wa Kenya

Jambo bakubwa. Niko hapa Lubumbashi, kwetu komini ya Kenya, kwa konje (likizo) ya mwezi moja, kisha narudi kazini Limpopo, Afrika Kusini, kwenye shamba la wanyama. Kule nina makao ya kudumu na leseni ya bunduki yangu moja, .308 ya bolti. Shida ni bei ya risasi za dukani. Kila nikipiga boksi moja la 20 kwa mazoezi, najiona nakula karo ya mtoto.

Nimeona video za watu wanaojijazia wenyewe. Rafiki ananiuzia presi (mashine ya mkono ya kubania maganda) ya zamani, bila karatasi wala boksi, anasema ukiwa na presi umemaliza. Nina rand 3,000 tu. Nimeweka maganda 140 ya risasi za dukani za PMP niliyopiga mwenyewe, na jirani kanipa mfuko wa maganda ya kijeshi ya 7.62. Nianze na nini?

Swali la pili. Chumbani mwa papa, baba yangu, kuna bunduki ya marehemu babu, mitutu miwili, calibre 12, ya Liège, Ubelgiji. Babu aliipata akiwa Union Minière, kampuni ya madini. Katushi (risasi) zake hapa ni taabu. Nikija konje ijayo, naweza kumletea papa baruti kidogo na fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) tumjazie za kupigia kanga?

Ruashi Juu

Mudogo, nikuambie kitu kimoja: hautaweka akiba hata senti. Nilikuwa na bosi Ndola aliyeanza kujaza ili apunguze gharama. Badala ya boksi moja kwa mwezi akawa anapiga matano. Mke wake ndiye aliyefanya hesabu, si yeye.

Fundi wa Kamalondo

Ruashi amesema kweli, ila maboksi matano yanamfundisha mtu kupiga, boksi moja halimfundishi. Acheni nijibu taratibu maana nimekaa miaka 11 kwa fundi wa bunduki Polokwane kabla ya kurudi nyumbani, na kosa la huyu mudogo nililifanya mimi mwenyewe.

Kosa ni kuanzia kwenye presi. Presi ni mkono tu. Inasukuma juu, inashusha chini. Haijui kama umeweka baruti nyingi au kidogo. Pesa yako ya kwanza iende kwenye vitu vinavyopima: kitabu cha vipimo vya baruti, mizani inayosoma hadi 0.1 ya grain (kipimo kidogo cha uzito) na jiwe lake la kuihakiki, na kalipa. Kikibaki kitu ndipo uzungumze na huyo rafiki. Presi ya chuma cha kumimina, hata ikiwa na kutu, ni sawa kama nguzo yake haichezi ukiitikisa. Lakini bila kalibu za .308, zile zinazolirudisha ganda kwenye umbo lake, haina kazi, na kalibu rafiki hajakutajia.

Kama pesa itakuishia, kuna kale kaboksi ka Lee kanaitwa Classic Loader. Unagonga kwa nyundo ya plastiki mezani, hakuna presi. Kanabana shingo ya ganda tu, mwili hakaugusi, kwa hiyo maganda yatakuwa ya bunduki ile ile iliyoyapiga. Wewe una bunduki moja ya bolti na maganda yako mwenyewe, kanakufaa. Ni polepole, majirani watafikiri unatengeneza viatu.

Sasa nisikilize juu ya mizani. Mwaka wangu wa pili pale Polokwane fundi aliniachia meza. Ilikuwa Desemba, joto kali, nikawasha feni. Mizani ya umeme iko pembeni yake. Asubuhi niliisawazisha kwenye sifuri, kisha sikuigusa tena hadi jioni. Nilijaza 40. Kesho yake tukaenda shambani kuzijaribu. Ya kwanza, bolti ikawa nzito kufunguka. Nikasema labda vumbi. Ya pili nikalazimika kuipiga bolti kwa kiganja. Ganda lilipotoka nikaangalia kitako: fataki ilikuwa imelala bapa, kingo zake zimepotea, kama kifungo kilichopigwa pasi. Fundi hakusema neno. Alichukua bunduki mikononi mwangu akaitia garini.

Nyumbani akaweka jiwe la gramu 20 kwenye mizani. Ikasoma 19.87. Yaani sifuri ilishuka gramu 0.13, na maganda nilikuwa nimeyaongezea hadi grain 2 bila kujua. Grain 2 ni kitu cha kuning'inia kwenye ncha ya kijiko. Ukiwa tayari uko karibu na kiwango cha juu cha kitabu, zinatosha kukutoa jicho. Zile 38 zilizobaki nilizing'oa moja moja kwa nyundo ya kung'olea, ile ya plastiki yenye tundu: unafunga risasi ndani, unapiga sakafu, kichwa cha risasi kinatoka na baruti inamwagika. Hadi saa nne usiku. Wapangaji wa chini walipanda kuuliza kuna nini. Tangu siku ile naweka jiwe kwenye mizani kila baada ya maganda kumi, na feni nazima, nitoke jasho.

Kitabu kitakupa kiwango cha juu cha baruti yako na kichwa cha risasi yako. Unaanzia asilimia 10 chini yake, unapanda kidogo kidogo, unatazama fataki na bolti. Usichukue kipimo cha mtu wa kwenye simu, hata mimi ukiniomba sikupi. Baruti ya Somchem S335 watu wengi kule wanaitumia kwa .308. Kopo la gramu 500 ni kama grain 7,700, kwa hiyo linatoa risasi zaidi ya 170. Ganda unalo tayari, na ganda ndilo ghali zaidi ndani ya boksi la dukani. Hapo ndipo unaanza kuona faida.

Kalipa ni ya urefu wa ganda. Shaba inarefuka kila ukipiga. Ganda la .308 likivuka milimita 51.18 unalikata, la sivyo mdomo unabanwa mbele ya chemba na kichwa hakipati njia ya kutoka.

Mfuko wa jirani: chukua tochi, angalia ndani ya ganda hadi chini. Ukiona tundu moja katikati, ni Boxer, fataki inatoka kwa pini ya kawaida. Ukiona vitundu viwili vidogo, ni Berdan, pini yako itavunjika hapo hapo. Na hata yenye tundu moja usiyachanganye na PMP. Ya jeshi mara nyingi yana ukuta mnene, nafasi ndani ni ndogo, baruti ile ile inaleta presha kubwa zaidi. Mimi ningemrudishia mfuko wake na asante.

Na kitu cha bure: ubao. Toboa matundu 50, simamisha maganda, weka baruti kwa yote, kisha pitisha tochi juu yake kabla ya kichwa hata kimoja. Ganda lililozidishiwa baruti au lililo tupu utaliona, kimo chake hakifanani na wenzake.

Baruti na fataki kwa papa: hapana. Usivuke mpaka wa Kasumbalesa na gramu moja. Silaha na risasi hapa kwetu zina sheria yake, ile ya Septemba 1985, namba 85-035, na kibali hutolewa na serikali, hakitolewi na jamaa wa mpakani. Kule Afrika Kusini leseni yako inakuruhusu kujijazia za bunduki yako tu, fataki zisizidi 2,400, risasi zisizidi 200. Mambo ya kule yabaki kule.

Halafu unaniambia bunduki ya babu. Je, kibali kina jina la nani? Bunduki hairithiwi kama baiskeli.

Mama wa Katuba

Mimi sina bunduki, nina watoto wanne na nyumba ya vyumba viwili. Huyu kijana atafanyia wapi hiyo kazi? Kule anakokaa si na familia?

Fundi wa Kamalondo

Mama, swali lako ndilo fundi alinifundisha kwanza. Baruti inakaa kwenye kopo lake la duka, mbali na jiko. Ikihamishwa kwenye chupa, siku moja mtu atasahau ni aina gani. Mezani liwe kopo moja tu kwa wakati. Fataki zibaki kwenye vijisanduku vyake, kila moja kwenye kitundu chake. Ukizimwaga kwenye gudulia la jamu, moja ikiwaka zinaondoka zote pamoja. Sigara hapana. Na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, maana risasi, ile metali yenyewe, ni madini ya sumu, na moshi wa fataki pia unaacha metali hiyo kwenye vidole. Kabati lenye kufuli. Kama hana kabati, asianze.

Mutoto wa Kenya

Aksanti sana mukubwa, aksanti Mama. Nimeshaona mjini mizani za wale wanunuzi wa dhahabu, zinasoma gramu, karati na hata gn. Ni rahisi kuliko za dukani kule. Haifai?

Kibali ni cha jina la babu. Papa hajakibadilisha.

Fundi wa Kamalondo

Gn ndiyo grain, hujakosea. Lakini mizani ile inapima kwa hatua za gramu 0.01, na hatua moja ni grain 0.15. Kwa dhahabu ya mtu ni sawa. Kwa kuanza chini kabisa ya kitabu ningekuvumilia, kwa kupanda hapana. Tena inunue kule kule, na jiwe lake.

Kibali papa akishughulikie kabla hujapanda basi.

Ila leo usiku nifanyie kitu. Hakikisha haina katushi, mitutu yote miwili, tia kidole. Ng'oa mbao ya mbele, toa mitutu, igeuze. Chini, pale panapolala kwenye mwili wa bunduki, kuna mihuri midogo. Nataka simba aliyesimama juu ya herufi PV. Ile ni mihuri ya Liège ya baruti isiyo na moshi. Kisha tafuta namba 65 au 70, huo ni urefu wa chemba kwa milimita. Bunduki nyingi za zamani za Ubelgiji ni 65, na katushi za siku hizi ni 70. Itaingia vizuri, mlango utafunga, hakuna kitakachokuonya. Ikipigwa, mdomo wa katushi unafunguka ndani ya sehemu iliyobana, na presha inapanda.

Mutoto wa Kenya

Nimefungua mbele ya papa. Alikataa kwanza, kisha akaleta mwenyewe tochi na miwani. Mafuta ya zamani yameganda kama ulimbo, tumefuta kwa petroli. Naona ELG ndani ya duara, na nyota. Naona 12 ndani ya kialmasi. Kuna 65, inasomeka vizuri.

Simba simuoni. Tumegeuza mara tatu.

Papa anasema mwaka jana alipiga katushi mbili za 70 na ilimsukuma bega hadi akakaa chini.

Fundi wa Kamalondo

Bila simba, imejaribiwa kwa baruti nyeusi peke yake. Asipige tena. Mwambie namsalimia, na kama ana katushi zilizobaki azitoe chumbani leo hii.

Mutoto wa Kenya

Zilibaki tatu. Amenipa. Kesho anaenda kuuliza habari ya kibali, atazipeleka huko huko. Bunduki ameipaka mafuta akairudisha juu ya kabati, bila mbao yake ya mbele. Mbao amenipa mimi nimuwekee.