Tumelipa kiingilio tuone vitu vya mababu, watoto wameishia kukimbiza pointi

Wakuu, nimekasirika na sitafunga mdomo.

Jumamosi nilipeleka watoto kwenye jumba moja la makumbusho hapa Kampala. Mlangoni tukaambiwa sasa kuna mchezo: pakua programu, skani kibandiko kwenye kila kabati, kusanya pointi. Nilifurahi, wallahi. Kumbe bando ni lako mwenyewe. Nyuma yetu kulikuwa na darasa zima la wanafunzi, mwalimu mmoja, simu moja. Wale wangecheza na nini?

Ndani, mpwa wangu wa P5, darasa la tano, akafika kwenye ngoma kubwa. Ngozi imekazwa kwa kamba, ukingo umelika pale mikono ilipopiga miaka na miaka. Hakuinua hata macho. Akaskani, simu ikalia, huyoo, kabati la pili. Nikamshika bega: "Umeona nini pale?"

"Mjomba, nina pointi 90!"

Kibandiko kilichofuata kilikuwa kimechanika, mchezo ukagoma, mtoto akalia. Mhudumu akasema hayo si yake, tuwaulize waliotengeneza.

Lakini kilichonichoma ni omweso, bao letu la Uganda. Umefungiwa kwenye kioo! Jamani, huo ndio mchezo wenyewe. Mashimo 32, kete 64, kila mtu na upande wake, na ukikosa shimo lenye angalau kete mbili huna pa kwenda, umeshindwa. Mtoto anapiga hesabu bila kujua anapiga hesabu. Wekeni mbao mbili tatu nje ya kioo, na mzee anayejua awaelekeze watoto. Wao wameubandikia kibandiko cha pointi 10!

Sipingi simu. Makumbusho ya akiolojia ya Naples, Italia, yalitoa mchezo wa simu mwaka 2017: unaucheza bure nyumbani, hadithi inakuvuta, na kuna sehemu zinafunguka ukifika jumbani kwenyewe. Ule unamleta mtu kwenye kitu. Huu wetu unampitisha mbio. Tena ni Kiingereza kitupu, Kiswahili hata neno moja hakuna.

Tulipotoka, vijana wa boda walikuwa wanacheza omweso chini ya mti. Mpwa wangu akachuchumaa pale karibu nusu saa. Mmoja akamwekea kete kiganjani, akamwambia, "Zihesabu kwanza." Simu ilikuwa mfukoni mwangu, hakuiulizia.

Kuna aliyewahi kuuandikia uongozi wa makumbusho akajibiwa? Nielekezeni, barua ninayo tayari.