Mjadala: Magazeti na maboksi yapigwe marufuku kufungia vyakula vikavu Arusha na Moshi?

Mkemia wa vyakula, Njiro, Arusha: Naunga mkono, na naanza na maboksi maana ndiyo yanayosahaulika. Wino wa gazeti haukauki kabisa. Mafuta yaliyomo, yatokanayo na mafuta ghafi ya petroli, hunywewa na karatasi yakabaki humo. Gazeti likirejelewa kuwa boksi, kuosha massa (rojo la karatasi) hakuyamalizi. Stoo, sehemu nyepesi ya mafuta hayo hugeuka mvuke polepole, nao unga huunyonya hata usipogusa boksi. Mfuko wa ndani wa karatasi hausaidii, mfuko mwembamba wa plastiki ya polithini huchelewesha tu. Kinachozuia ni foili ya alumini au plastiki ya PET, ile ya chupa za maji.

Pigeni hesabu. Boksi la gramu 40 lenye mafuta hayo miligramu 300 kwa kilo lina miligramu 12. Robo ikihamia kwenye unga wa gramu 500, ni miligramu 6 kwa kilo. Tuseme sehemu ya tano ni aromatiki, kundi ambalo baadhi yake huharibu vinasaba na huweza kuleta saratani: unapata miligramu 1.2 kwa kilo. Umoja wa Ulaya mwaka 2022 ulikubaliana kikomo cha aromatiki cha miligramu 0.5 kwa kilo kwa chakula kikavu ambacho mafuta yake ya asili hayazidi asilimia 4.

Muuza nafaka na karanga, Kilombero, Arusha: Ndugu mkemia, karanga za kwenye karatasi zinaliwa hapo hapo. Mvuke utapata muda gani? Wabaneni wenye maboksi yanayokaa miezi dukani, mtuachie sisi wa rejareja.

Mchapaji, Moshi mjini: Hoja ya muda inafaa kwa mvuke, si kwa mguso. Karanga za moto zina mafuta juu yake, na wino wa gazeti huachia mara moja. Paka kidole mafuta, sugua gazeti, tazama weusi. India, mamlaka ya usalama wa chakula ilionya kuhusu jambo hili mwaka 2016. Karatasi za mitihani ya zamani mnazofungia nazo si salama kama mnavyodhani: ya fotokopi ina unga ulioyeyushwa, lakini ya mashine ya kudurufu ya Riso ina wino wa mafuta. Kunjieni karatasi nyeupe isiyochapwa.

Msindikaji wa unga wa lishe, Majengo, Moshi: Magazeti yaondoke kesho, sina ubishi. Kwa maboksi mnaharakisha. Unga wetu una karanga na soya, kwa hiyo tunatanguliza pochi ya foili, ndipo boksi. Hapo boksi lililorejelewa halina madhara. Tatizo kubwa ni katoni za kusafirishia. Mtu ananunua mifuko mipya ya karatasi ya kaki, kisha anapanga mifuko ndani ya katoni la kijivu lenye vidoti, yaani la karatasi iliyorejelewa, na kuifungia stoo yenye joto. TBS (Shirika la Viwango Tanzania), iliyopewa usalama wa chakula mwaka 2019, ipime chakula chenyewe baada ya kukaa stoo. Kupima boksi tupu hakutuambii kilichoingia kwenye uji wa mtoto.