Tupeane uzoefu: mliowahi kutazama mazoezi ya Agosti ya timu ya chuo yenye makocha wapya

Wadau, habari za joto.

Nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai, si kandanda yetu. Nafanya kazi kwenye chuo kidogo huku Minnesota, daraja la tatu, ambako hakuna mchezaji anayelipiwa masomo kwa sababu ya mpira. Hakuna uzio wala mlinzi wa kukufukuza. Nikitoka kazini nakaa kwenye nyasi na chupa yangu ya chai, natazama.

Mwaka huu kocha mkuu ni mpya, na wasaidizi karibu wote ni wapya. Siku ya kwanza nilienda nikitarajia makelele. Kilichonishangaza ni utepe. Kila mchezaji amebandikwa utepe mweupe kwenye paji la kofia ngumu, jina lake limeandikwa kwa wino mzito, maana makocha hawamjui mtu yeyote. Kocha akitaka kumsahihisha kijana anainama kwanza, anasoma, ndipo anasema. Yuko kijana mmoja jina lake refu la Kiafrika, utepe umeishia katikati. Wiki nzima wamemwita kwa nusu ya jina na anaitika.

La pili ni honi. Kila dakika tano inalia, na ikilia wote wanahama kwenda zoezi lingine kwa mbio. Kutembea ni kosa. Mwaka jana chini ya kocha wa zamani vijana walikuwa wakiburuta miguu kama wanaenda kuteka maji. Tena nusu saa nzima siku hiyo haikutumika kwa mpira kabisa: walifundishwa kupanga mstari wakati wa wimbo wa taifa, kofia mkono gani, nani asimame karibu na nani. Halafu kubadilishana wachezaji, kumi na mmoja watoke, kumi na mmoja waingie, tena na tena. Nikacheka peke yangu. Baadaye nikakumbuka kwamba timu ikikutwa na mtu wa kumi na mbili uwanjani inaadhibiwa kwa kupoteza yadi tano za uwanja.

Swali langu: nyie mliwahi kuona nini, na mlijuaje kocha mpya ni wa namna gani kabla ya mechi ya kwanza?

Mzee wa Skramu

Mkuu, mimi nilicheza raga Nairobi kabla nije huku, kwa hiyo mwanzoni huu mchezo niliuona wa kusimamasimama. Yangu si ya Agosti, ni ya Aprili, lakini inaingia. 2023 nilikuwa naishi Denver. Timu ya Chuo Kikuu cha Colorado walikuwa wametoka kushinda mechi 1 kati ya 12, wakamchukua kocha mpya, Deion Sanders, mwezi wa Desemba 2022. Aprili wakacheza wenyewe kwa wenyewe pale Folsom Field, Boulder, theluji inaanguka, na uwanja umejaa, watu zaidi ya 47,000. Kutazama mazoezi! Tulirudi nyumbani tumelowa na tumeamini kila kitu.

Septemba wakaenda Texas wakawafunga chuo cha TCU 45 kwa 42. Mtaani kwetu hata wasiojua sheria walikuwa wanabishana. Mwisho wa msimu: wameshinda 4, wamepoteza 8. Tangu siku hiyo sijali kocha mpya anavyoonekana kwenye mazoezi. Kila mtu ni hodari akikabwa na mwenzake.

Mama Kitindamimba

Wanangu, mimi nitaongea kama mzazi. Mwanangu yuko chuo kikubwa hapa Texas, alijiunga na timu bila ufadhili, ada tunalipa wenyewe. Mazoezi yao hufungwa, mapazia meusi kwenye uzio wote. Wazazi waliruhusiwa siku moja.

Kocha aliyemchukua alimwahidi mwanangu kwamba akivumilia miaka miwili atapewa ufadhili. Kocha huyo akaondoka. Ahadi ya kocha aliyeondoka haina mrithi, nimejifunza hivyo. Huyu mpya ameleta wachezaji wake kutoka vyuo vingine, maana siku hizi wanahama kama wanavyotaka, na mwanangu akarudishwa kundi la nne.

Lakini sikwenda kuangalia kundi. Nilikwenda kuangalia barafu. 2018 mchezaji wa Chuo Kikuu cha Maryland alizidiwa na joto kwenye mazoezi, akafariki, na uchunguzi ukaonyesha hakutumbukizwa kwenye maji baridi kama inavyotakiwa. Mimi nilifika nikamtafuta mhudumu wa afya wa timu, nikamuuliza, baba, beseni za barafu ziko wapi? Akanipeleka. Zilikuwa tatu, zimejaa, hatua chache kutoka uwanjani. Hapo nikakaa. Akanieleza pia kwamba siku mbili za mwanzo ni kofia tu, vikinga bega vinafuata, vifaa kamili baadaye, ili mwili uzoee. Yale mazoezi ya kuumizana mara mbili kwa siku yalipigwa marufuku 2017.

Kocha mwenyewe? Alipita mbele yetu wazazi, akasalimia, akaendelea. Lakini mwishoni niliona kitu. Kundi la nne lilipoingia, wasaidizi walikuwa wameshaanza kupiga soga. Yeye hakupiga soga. Alisimama nyuma yao mpaka honi ikalia. Sijui kama ni tabia yake au ni kwa sababu wazazi tulikuwepo.

Mtu wa Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Mimi niko Kentucky. Nilipokuwa mwanafunzi nililipwa kidogo kupiga video mazoezi ya timu, juu ya jukwaa linalonyanyuliwa kwa mashine. Upepo ukizidi tulishushwa mara moja, kwani 2010 mwanafunzi wa chuo cha Notre Dame alikufa jukwaa kama hilo lilipoangushwa na upepo. Kutoka juu unaona yote.

Mwaka makocha walipobadilika niliona jambo moja la ajabu. Wapya walitumia maneno yaleyale ya wale wa zamani, ila kwa maana nyingine. Kocha anaita neno, wageni wanakimbia kulia, wenyeji wa mwaka jana wanakimbia kushoto, wanagongana. Mrusha mpira, yule mwenye jezi ya rangi tofauti ambaye haruhusiwi kuguswa, alibaki peke yake ameshika kichwa.

Niliwaelewa sana. Kwetu lupango ni kiwanja cha nyumba. Nilipowaambia jirani zangu Watanzania kwamba kaka yangu amepata lupango kubwa sana, mama mmoja akaanza kunipa pole, akauliza amefungwa miaka mingapi.

Ilichukua siku kama kumi. Jioni tulikata video, na kocha wa washambuliaji alitaka picha za miguu tu. Si mpira, si mikono. Miguu ya wale wakubwa wa mbele, hatua ya kwanza. Aliweza kutazama hatua moja mara kumi na tano.

Pwani Raha

Yaani mtu na akili zake anakaa juani kutazama wanaume wakisukuma mifuko ya mazoezi? Mimi nasubiri ligi ya kandanda ianze.

Mwanzisha mada

Pwani, karibu chai, mifuko ina raha yake.

Mama, ahsante. Leo nimekwenda mahususi kuangalia barafu. Ipo, beseni moja, chini ya mti. Nimeuliza kama moja inatosha kwa vijana karibu mia, nikajibiwa la pili linakuja Jumatatu. Nitapita Jumatatu.

Na leo ilikuwa siku ya kwanza ya vifaa kamili. Ule mlio wa kwanza wa vikinga bega unasikika mpaka maegesho ya magari. Kwa jasho tepe nyingi zimebanduka, na kocha wa mabeki alikuwa anaita watu kwa kunyoosha kidole. Yule kijana wa jina refu yake haikubanduka. Ameongeza utepe wa pili mwenyewe, umezunguka hadi kwenye sikio.