Baridi ya Julai huku Elburgon: kuna anayeweza kunitabiria kabla sijaagiza vifaranga?

Mfugaji, Elburgon

Hamjambo nyote. Tuko katikati ya Mei, na anayeniuzia vifaranga anataka nithibitishe oda ya 400 wa broila wafike wiki ya pili ya Julai. Sijathibitisha. Naogopa, na nitasema kwa nini.

Julai iliyopita nilipokea 500. Usiku wa tatu umeme ulipotea kama saa saba, balbu za joto zikazima, nami nimelala. Nilipoamka saa kumi na moja kasoro, bandani kulikuwa kimya. Aliyewahi kulea vifaranga anakijua kimya hicho. Walikuwa wamerundikana kwenye kona moja, na waliokuwa chini wamekosa hewa. Nilitoa 137 kwa ndoo. Wengine walikufa mmoja mmoja mpaka mwisho wa wiki.

Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Hilo nalijua. Nisilolijua ni nje kutakuwaje. Jirani yangu anasema mvua ya Aprili ikiwa nyingi, baridi ya Julai huwa kali. Mama mkwe yeye huangalia ukungu wa msitu wa Mau: ukishuka hadi barabarani kabla ya Juni, anatoa blanketi zote sandukuni. Mimi nina pesa za chama ambazo lazima zirudi.

Naomba kujua: kuna njia yoyote ya kujua sasa hivi kama Julai hii itakuwa mbaya kuliko ile?

Duka la pembejeo, Njoro

Pole sana mama. Subiri mwisho wa mwezi, Idara ya Hali ya Hewa itoe utabiri wa Juni, Julai na Agosti. Umegawanywa kwa maeneo, kwa hiyo soma sehemu ya nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa na ya Bonde lenyewe, usishike ile ya Nairobi. Pia kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Wa Nakuru ukimfuata ofisini utaelezwa vizuri kuliko vile redio inavyofupisha.

Mzee, Mau Summit

Mama Elburgon, pole kwa hasara. Nimesoma ujumbe wako mara mbili.

Nilifanya kazi bandarini Mombasa miaka mingi kabla ya kurudi huku kulima viazi. Kule msimu huu wanauita kipupwe, na upepo wake ni kusi. Kusi inatoka mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Mascarene, ambako hewa hukaa na mgandamizo mkubwa miezi hii. Mgandamizo ule ukiwa na nguvu, hewa baridi yenye unyevu inasukumwa mpaka kwetu, inapanda milima na kugeuka mawingu ya chini. Ndiyo maana Limuru na Nyeri wanaweza kukaa siku kadhaa bila kuliona jua. Kufika huku kwetu ng'ambo ya Bonde, mawingu hayo yamepungua sana. Sisi Julai tunapata mvua ya alasiri, tena mara nyingine ya mawe, na upande huu kuna hewa nyingine yenye unyevu inayotoka Kongo. Kwa hiyo ndugu yako wa Nairobi akikupigia simu kulia baridi, usiichukue hiyo kama habari ya Elburgon.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo lililokuulia vifaranga. Baridi ziko mbili. Kuna ya mchana, inayoletwa na mawingu: jua halipiti, watu wanavaa makoti saa sita, lakini usiku mawingu yaleyale yanafunika ardhi kama blanketi na joto halitoroki. Halafu kuna ya alfajiri, inayokuja mbingu zikiwa wazi. Ardhi inatoa joto lake lote juu, hewa iliyo karibu na nyasi inapoa, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito inatiririka bondeni kama maji. Hapo ndipo unakuta sakitu, yaani umande ulioganda, kwenye nyasi, hata kama kipimajoto kilichotundikwa usawa wa kifua kinasoma nyuzi 3. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaifahamu. Januari 2012 iliwaunguzia majani, na Januari si mwezi wa baridi, ni mwezi wa kiangazi na anga safi.

Utabiri wa msimu unakupa wastani wa miezi mitatu, tena kwa uwezekano. Tuseme umeandikwa kwamba kuna uwezekano wa asilimia 45 joto liwe juu ya wastani. Julai ikaja kweli na joto zaidi kidogo, na ndani yake mna usiku nne wa anga wazi. Wastani unabaki sahihi na vifaranga wako wamekufa. Usiku ule hakuna awezaye kukutajia mwezi Mei. Utabiri wa siku chache mbele ndio unaoweza kuuona ukija, nao unatoka kila wiki.

Nakuuliza: banda lako liko wapi shambani?

Mwalimu, Emuhaya

Naongeza kidogo kutoka Vihiga. Huku tuna wazee wa Nganyi, ambao ukoo wao umesoma mvua vizazi na vizazi: miti inavyochanua na kupukutisha majani, ndege na wadudu wanavyotokea. Wanasayansi wa Idara wamekaa nao, wakalinganisha wanachokiona na vipimo, na utabiri ukatolewa kwa pamoja. Nawaheshimu sana. Lakini wanachosoma ni mvua. Baridi ya usiku mmoja wa Julai sijawasikia wakiitaja. Kwa hiyo ukungu wa mama mkwe usiudharau, muulize miaka aliyokosea pia, na uiandike yote.

Mfugaji, Elburgon

Mzee, banda liko chini, karibu na kijito. Marehemu mume wangu alilijenga pale kwa sababu ya maji.

Mzee, Mau Summit

Hapo ndipo hewa baridi ya shamba lako lote inapolala. Una jengo lolote juu?

Mfugaji, Elburgon

Kuna ghala la mahindi mlimani, hatua kama 150 kutoka kijitoni.

Narudi baada ya siku sita. Nilinunua vipimajoto viwili Nakuru, kimoja nikakiweka bandani na kingine ghalani, vyote nje ya mlango. Nimesoma saa kumi na mbili asubuhi kila siku. Siku nne zenye mawingu vilisoma karibu sawa, tofauti ya nyuzi moja. Jumamosi na jana kulikuwa na nyota usiku kucha. Jumamosi: kijitoni 6, ghalani 9. Jana: kijitoni 5, ghalani 9. Nilisimama pale na tochi nikawafikiria wale 137.

Nimempigia muuzaji, nimechukua 250 badala ya 400. Watalelewa ghalani. Mahindi yaliyobaki tunayahamisha wiki hii, na fundi anakuja kuziba mianya ya chini na kuacha ya juu ili moshi utoke. Nitakuwa na majiko mawili ya makaa tayari kando ya balbu, na mwanangu na mimi tutapokezana usiku wa wiki mbili za kwanza. Kona nimeshazizungushia kadibodi ziwe duara, wasipate pa kurundikana.

Mzee, kimoja tu. Kipimajoto cha ghalani nimekitundika kwenye ukuta wa mabati. Ni sawa?

Mzee, Mau Summit

Kitoe hapo leo. Usiku wa anga wazi mabati hupoa kuliko hewa yenyewe, kitakudanganya. Kiweke kwenye nguzo ya mbao, kivulini, usawa wa kifua, na cha bandani vivyo hivyo. Kisha niandikie namba za wiki ijayo.