Utafiti wa uzamili: nadharia ya namba au malaria?

Kipeo_Moro: Wakuu, naanza utafiti wa uzamili. Moyo wangu uko kwenye nadharia ya namba, ila msimamizi ananisukuma kwenye modeli za malaria. Naogopa nitaishia kuchora grafu tu bila kuthibitisha chochote.

DadaHesabu: Mdogo wangu, uthibitisho umejaa huko! Ronald Ross, daktari aliyegundua kwamba mbu hueneza malaria, alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuua mbu wote; wakishuka chini ya kiwango fulani, malaria inakwisha. Itazame R0, yaani wastani wa watu wapya wanaoambukizwa kutokana na mgonjwa mmoja: katika fomula yake kasi ya kuuma ina kipeo cha pili, maana mbu huuma mara mbili, kuchukua vimelea na kuviambukiza. Ikipungua nusu, R0 inabaki robo. Kisha uthibitishe mfumo unatulia popote uanzapo. Hapo unahitaji funksheni ya Lyapunov, ambayo thamani yake hushuka kadiri mfumo unavyoelekea kutulia, na kuipata hakuna kanuni moja. Nilikesha nayo; ilipokubali nililia kwa furaha.

Mzee wa Tarakimu: Kama namba ndizo zinakunyima usingizi, ongea na msimamizi sasa, kabla pendekezo halijapitishwa.

Kipeo_Moro: Dada, nianzie wapi?

DadaHesabu: SIR ya Kermack na McKendrick, 1927: modeli inayogawa watu katika wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa na waliopona. Thibitisha kwanza kwamba idadi ya watu haiwi hasi.