Mjadala: Vyoo vya umma katika Jiji la Tanga vilipiwe, au viwe bure?

Mtoa mada

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa Tanga pamoja na wageni wetu. Naleta swali ambalo tumezoea kulinong'ona kwa aibu: mtu akibanwa na haja katikati ya mji, saa saba ya mchana, aende wapi?

Hivi karibuni nilimpokea mama yangu mdogo kutoka Lushoto, aliyekuja kwa matibabu ya macho. Kutoka stendi ya Kange hadi mjini hakusema neno, lakini tulipofika Ngamiani, zile barabara zetu za namba, alinishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna msala karibu. Mgahawa wa kwanza tuliambiwa choo ni cha wateja; wa pili, maji yamekatika; dukani, mwenye duka alitutazama tu akaendelea kuhesabu chenji zake. Baada ya karibu nusu saa tulipata choo cha kulipia nyuma ya soko, hatua chache kutoka pale tulipoanza kuuliza, ila upande wa barabarani hakikuwa na kibao chochote. Mlangoni aliketi binti, mbele yake bakuli la sarafu na karatasi za chooni zilizokunjwa vipande vipande. Ukutani pameandikwa kwa mkaa: haja ndogo 200, haja kubwa 300, kuoga 500. (Ni nani anayehakiki tofauti ya hizo mbili za mwanzo, sikuuliza.)

Hoja yangu ni kwamba ada hii, ingawa inaonekana ndogo, inamwangukia mwanamke kuliko mwanamume. Yale maandishi ya "Usikojoe hapa, faini 50,000" hayakuandikwa kwa ajili ya mama zetu. Yanamhusu yule ambaye ukuta wowote kwake ni choo cha bure. Mama anayeuza mboga tangu alfajiri hadi magharibi, akiingia chooni mara tatu kwa siku kwa 200, kwa siku 26 za kazi ametoa shilingi 15,600. Wapo wanaokwepa gharama hiyo kwa kutokunywa maji kutwa nzima, na joto la hapa la mwezi wa pili mnalijua.

Wenzetu walikwishagombana kuhusu jambo hili. Chicago ilipiga marufuku vyoo vya kulipia mwaka 1973, na vibanda vya choo vya mitaani jijini Paris vimekuwa bure tangu 2006. Mimi navutiwa zaidi na njia iliyoanzia Aalen, Ujerumani, mwaka 2000: halmashauri huwalipa wenye migahawa kiasi fulani, nao hubandika alama mlangoni kuonyesha kwamba mpitaji anaruhusiwa kutumia choo bila kununua kitu. Mji unaojisifu kwa "waja leo waondoka leo" ungeanza na migahawa kumi tu.

Mchangiaji wa kwanza

Waalaykum salaam. Dada yangu, hoja yako naiheshimu, lakini mimi ni msimamizi wa choo cha kulipia na naomba nisikilizwe. Maji yana bili, dawa ya kusafishia inanunuliwa, msafishaji anakula, na gari la kunyonya majitaka haliji kwa dua. Kabla sijakabidhiwa choo hiki kilikuwa bure. Koki za chuma ziliibwa, balbu zikafuata, na mwishowe watu wakawa wanajisaidia nje ya mlango kwa sababu ndani hapaingiliki. Mia mbili ndiyo inayomweka binti yule pale mlangoni.

Tena umeisahau misikiti. Miaka yote wapitaji wameingia msalani misikitini, na bili ya maji ikalipwa kwa michango ya waumini. Kama halmashauri ina fedha za kuwapa wenye migahawa, ianze na wale ambao hawajawahi kumfukuza mtu.

Mchangiaji wa pili

Mimi natembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Vyoo vyote viwili ninavyovijua sokoni vina ngazi, na milango yake ni myembamba kuliko baiskeli yangu. Viwe vya 200 au vya bure, mimi bado niko nje.

Mtoa mada

Kaka msimamizi, kuhusu misikiti umenishinda, nami nakubali. Kuhusu binti wa mlangoni pia sina ubishi, kwa kuwa choo kisicho na mtu wa kukitunza hakidumu. Lakini muuzaji wa sokoni tayari analipa ushuru, na ndani ya ushuru huo usafi wa soko ulipaswa kuwemo. Je, haiwezekani aonyeshe stakabadhi yake akaingia bure, huku mpita njia akilipa hiyo 200, na halmashauri ikakufidia tofauti?

Ndugu wa baiskeli, naomba radhi; nimezungumzia kibao na ada, nikasahau mlango. Ukiweza, pima upana wa baiskeli yako uuandike hapa, ili tutakapopeleka maombi kwa diwani tupeleke na kipimo.

Nawe kaka, tuwekee hesabu ya wiki moja: watu wangapi wameingia, na maji, dawa na msafishaji vimekula kiasi gani.